MICHEZO YA THELUJI: HATARI HUANZA KABLA YA KIPENGA

Wakulima wa Gashoho, katika milima ya Muyinga kaskazini mashariki mwa Burundi, wanaijua barafu kwa ubaya wake. Huwajia mara chache kutoka mbinguni kwa sura ya mvua ya mawe, ikapasua majani ya migomba, ikapukutisha maua ya kahawa na kuyalaza maharagwe chini. Kirundi kina neno moja, urubura, ambalo hutumika kwa mvua ya mawe na kwa theluji pia. Kwa hiyo mtoto wa Gashoho anapoona katika televisheni mlima mzima uliofunikwa na urubura, na watu wazima wakishindana kuuteremka kwa hiari yao, si ajabu akamgeukia baba yake na kumwuliza: Je, Baba, watu hawa hawaogopi kufa?

Swali hilo ni la kitoto kwa umri wa anayeliuliza tu. Wakubwa wamekuwa wakiulizana swali hilo hilo kwa muda mrefu, na bado hawajalimaliza. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilianza mwaka 1924 mjini Chamonix, Ufaransa. Ile ya mwaka 2026 ilifanyika Italia, katika miji ya Milano na Cortina, kuanzia tarehe 6 hadi 22 Februari. Katika miezi hiyo saa za Burundi huwa mbele ya saa za Italia kwa saa moja tu, na kwa sababu hiyo mashindano ya mchana huko humfikia mtazamaji wa huku mchana huo huo, wakati watoto wamekwisha rudi kutoka shuleni na mama anachambua maharagwe ya jioni.

Yafaa basi familia ijue inatazama nini, na izijue hatari zisizoonekana katika kioo cha televisheni.

MICHEZO YENYEWE

Michezo ya theluji ni mingi, lakini yote imejengwa juu ya jambo moja ambalo kila mtoto wa milimani analifahamu, nalo ni utelezi. Mtoto aliyekalia gome la mgomba na kujiachia katika mteremko wenye majani mabichi amekwisha kuonja mchezo huo. Tofauti iko katika mwendo. Mchezaji wa skii za mteremko, aliyefunga vibao viwili virefu miguuni, huteremka mlima kwa mwendo unaoweza kupita kilometa 130 kwa saa. Dereva mwenye busara hathubutu kwenda hivyo hata katika barabara ya lami iliyonyooka, akiwa ndani ya chuma, na mkanda kifuani. Huyu wa skii hana chuma. Ana kofia ngumu, nguo nyembamba iliyombana, na miguu yake.

Mchezo wa sleji unatisha zaidi. Mchezaji hulala chali juu ya kitoroli kidogo kisichokuwa na breki, miguu ikitangulia, akashuka katika mfereji wa barafu wenye kona nyingi. Huelekeza chombo kwa kukikaza miguu na kukilemea mabega. Akikosea kidogo katika kona moja, kosa hilo humfuata hadi kona ya pili, likiwa limekwisha kuwa kubwa.

Iko pia michezo ya mwendo wa polepole, kama vile skii za nyika, ambazo mchezaji hupanda na kushuka kwa nguvu za pumzi yake, sawa na mkimbiaji wa mbio ndefu. Na uko mchezo ambao askari atauelewa upesi, unaounganisha skii za nyika na kulenga shabaha kwa bunduki. Asili yake ni doria za kijeshi katika nchi za baridi. Mwaka 1924 huko Chamonix vikosi vya askari vilishindana kwa doria ya namna hiyo, na kuanzia mwaka 1960 mchezo wa skii na shabaha ukaingia rasmi katika Olimpiki.

WATU WETU KATIKA THELUJI

Pasiwe na mtu wa kudhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1996, mwaka ule ule ambao Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mbio za meta 5,000 huko Atlanta, mkimbiaji mmoja wa Kenya aitwaye Philip Boit alipelekwa Finland kujifunza skii. Alikuwa hajapata kukanyaga theluji. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, alisimama kwenye mstari wa skii za nyika za kilometa 10.

Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alikuwa amekwisha kufika dakika 20 kabla yake. Lakini Dæhlie hakuondoka. Alikataa kwenda kupewa medali yake mpaka Mkenya yule afike, na alipofika akamkumbatia mbele ya dunia nzima. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akashiriki tena Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Katika hiyo ya 2006 Ethiopia nayo ilimleta Robel Teklemariam katika skii za nyika. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii za mteremko kwenye Olimpiki, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini.

Kwa hiyo mlango umekwisha kufunguliwa. Na mlango ukiwa wazi, mzazi wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza kilichomo ndani ya nyumba kabla mwanawe hajaingia.

WALIOKUFA KABLA YA SIKU YAO

Katika historia ya Olimpiki za majira ya baridi, wako wanamichezo waliopoteza maisha. Ukiwatazama mmoja mmoja, utaona jambo ambalo mtazamaji wa televisheni hawezi kulibaini akiwa kitini kwake.

Mwaka 1964 mjini Innsbruck, Austria, mchezo wa sleji ulikuwa unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kabla ya michezo kufunguliwa, Kazimierz Kay-Skrzypecki, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiiwakilisha Uingereza, alifariki kwa ajali ya sleji. Alikuwa mazoezini. Siku chache baadaye kijana wa miaka 19 kutoka Australia, Ross Milne, alitoka nje ya njia ya skii za mteremko na kufa. Naye alikuwa mazoezini.

Mwaka 1992, wakati wa Olimpiki ya Albertville, Ufaransa, Nicolas Bochatay wa Uswisi aligongana na mashine ya kusawazisha theluji asubuhi ya siku ya fainali ya mchezo wake wa skii za kasi. Fainali ilikuwa haijaanza.

Tarehe 12 Februari 2010, mjini Whistler, Kanada, saa chache tu kabla ya sherehe za ufunguzi wa Olimpiki ya Vancouver, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21, alirushwa nje ya mfereji wa sleji katika kona ya mwisho na kugonga nguzo ya chuma. Mwendo wake ulikuwa kilometa 144 kwa saa. Hayo nayo yalikuwa mazoezi.

Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekufa ndani ya shindano lenyewe la Olimpiki. Hii haina maana kwamba mashindano ni salama. Tarehe 29 Januari 1994 Ulrike Maier wa Austria, bingwa wa dunia mara mbili na mama wa mtoto mdogo, alianguka na kufa katika shindano la Kombe la Dunia huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Ila vifo hivyo vinne vinafundisha kwamba ukaguzi hauna budi kuanza mapema kuliko kamera. Siku ya mashindano macho ya dunia yapo, madaktari wapo, nyavu zimekazwa, na kila mkuu yuko mahali pake. Siku ya mazoezi macho ni machache, na aghalabu uangalifu nao hupungua.

KOSA LA NANI?

Habari ya Kumaritashvili inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndani yake limo swali linalowahusu wote wanaoamuru na wote wanaoamriwa.

Mfereji wa Whistler ulikuwa umejulikana kabla ya hapo kwamba una kasi kupita kiasi. Mwaka 2009 mchezaji mmoja alifikia karibu kilometa 154 kwa saa humo. Baba yake Nodar, ambaye enzi za Urusi ya Kisovieti alikuwa mchezaji wa sleji pia, alisimulia baadaye kwamba mwanawe alimweleza kwa simu jinsi alivyoiogopa kona ile. Hata hivyo kijana alishuka, kwani mwanamichezo aliyefika Olimpiki harudi nyumbani kwa sababu ya hofu.

Baada ya kifo chake, wakuu wa mchezo walitoa taarifa kwamba chanzo hakikuwa ubovu wa mfereji. Walisema kijana alichelewa kutoka katika kona ya kabla yake na hakurekebisha vizuri njia ya kuingilia ya mwisho. Kwa ufupi, kosa lilikuwa lake. Lakini wakati huo huo mafundi waliongeza urefu wa ukuta mahali pale pale, wakabadili umbo la barafu, wakazifunika nguzo. Wanaume wakaanza kushuka kutoka mahali palipopangwa kwa wanawake, ili kasi ipungue. Watu wengi waliuliza: ikiwa mfereji haukuwa na kosa, kwa nini urekebishwe kabla marehemu hajazikwa?

Yamkini pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Kijana alikosea, ndiyo. Lakini binadamu ameumbwa akosee, na kazi ya mwenye kujenga njia ni kuhakikisha kwamba kosa dogo halilipwi kwa roho ya mtu. Nguzo ya chuma iliyo wazi kando ya njia ya watu wanaokwenda kilometa 140 kwa saa ilikuwa ikingoja kosa la mtu wa kwanza. Wakuu hao wenyewe walionyesha kwamba wamelielewa somo, kwani mfereji uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Sochi ya mwaka 2014 uliwekwa sehemu tatu za kupanda ili kuipunguza kasi. Na ukoo wa Kumaritashvili haukuacha mchezo: Saba, binamu yake Nodar, aliiwakilisha Georgia katika sleji kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022.

ASKARI KATIKA THELUJI

Msomaji aliyevaa sare atapenda kujua kwamba wengi wa mabingwa hao ni watu wa kazi kama yake. Nchini Italia, kwa mfano, jeshi, polisi, na kikosi cha ulinzi wa fedha na forodha vina vituo vyao vya michezo, na wanamichezo wengi wa theluji wameandikishwa humo. Ujerumani nayo huwaajiri wanamichezo katika jeshi lake. Kwa hiyo mchezaji aangukapo, mara nyingi anayepelekewa habari ni familia ya askari.

Matilde Lorenzi alikuwa mmoja wao. Alikuwa binti wa miaka 19 wa kituo cha michezo cha Jeshi la Italia. Tarehe 28 Oktoba 2024 alianguka akifanya mazoezi ya skii huko Val Senales, na kesho yake akafariki hospitalini. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, Matteo Franzoso wa kikosi cha ulinzi wa fedha alikuwa mazoezini huko La Parva, Chile. Alitupwa nje ya njia, akapenya nyavu za usalama na kugonga uzio wa mbao. Alifariki akiwa amekaribia kutimiza miaka 26.

Vifo hivyo viwili vilirudisha mjadala Italia nzima, na mjadala wenyewe ulihusu mazoezi kuliko mashindano. Njia za mashindano makubwa huwekewa nyavu safu kwa safu. Njia za mazoezi ni nyingi, nyingine hutumiwa na watu wa kawaida pia, na gharama za kuzizungushia ulinzi wa namna ile ni kubwa. Familia ya Matilde haikukaa kimya. Ilianzisha kampeni kwa jina la binti yao ili kudai usalama zaidi katika skii. Shirikisho la Kimataifa la Skii nalo, katika msimu wa 2024/25, lilianza kuwataka wachezaji wa mbio za kasi za Kombe la Dunia wavae ndani ya nguo zao mifuko ya hewa, ambayo hufutuka mtu anapoanza kuanguka.

Kamanda yeyote anayajua haya bila kuambiwa. Uwanja wa shabaha una amri zake, na amri hizo haziondolewi kwa sababu leo ni mazoezi tu. Risasi haijui kama ni siku ya gwaride au ni siku ya kujifunza. Barafu pia haijui.

TUREJEE GASHOHO

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya mbali, na kwamba Gashoho haina theluji wala sleji. La hasha! Gashoho ina miteremko, na ina baiskeli. Burundi yote inawajua vijana wanaoshuka milima wakiwa na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli, breki zikiwa ni soli ya kiatu, na wanaopanda tena wakiwa wameshikilia lori kwa mkono mmoja. Kijana wa namna hiyo ni ndugu yake mchezaji wa sleji: ana kasi, ana kona, hana breki za kutosha, na kando ya njia kuna mti au jiwe. Tofauti ni kwamba huyu hana kofia ngumu, hana nyavu, wala hakuna daktari anayemngoja mwisho wa mteremko. Naye akianguka, wapita njia husema upesi kwamba kosa ni lake.

Kwa hiyo baba na mama wanaotazama michezo hii pamoja na watoto wao wana nafasi nzuri ya kufundisha. Mtoto akishangilia mwendo, aonyeshwe kofia. Akishangaa jinsi mchezaji alivyoanguka na kuinuka salama, aelezwe kwamba hapo paliwekwa nyavu na watu waliofikiri kabla. Ajali ikirudiwa mara tano katika kioo, televisheni na izimwe. Kuanguka kwa mtu si tamasha. Na mtoto akitoka nje kesho yake na gome la mgomba, asipigwe marufuku bure. Mkubwa na aende naye, akague mteremko, aondoe visiki na mawe, ahakikishe kwamba hauishii barabarani. Hiyo ndiyo kazi ambayo haikufanywa ipasavyo Whistler kabla ya tarehe 12 Februari 2010.

MTOTO AKIANGUKA NA KUUMIA KICHWA

Kila nyumba na iyajue mambo haya:

Kwanza, asiinuliwe kwa haraka. Kama ameanguka kwa kishindo, au analalamika shingo, alazwe hapo hapo bila kugeuzwa kichwa mpaka apatikane msaada. Asogezwe tu ikiwa mahali penyewe pana hatari, kama vile barabarani. Kama hana fahamu, watu watazame anavyopumua. Akitapika, ageuzwe ubavu kwa uangalifu, kichwa na mwili pamoja, ili asipaliwe.

Pili, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa iwapo alizimia, hata kwa dakika moja; iwapo anatapika tena na tena; iwapo anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha; iwapo amepatwa na degedege; iwapo mboni za macho hazilingani; iwapo maji maji au damu inatoka puani au masikioni; au iwapo maneno yake yamechanganyika.

Tatu, hata akionekana mzima, mkubwa mmoja akae karibu naye na kumwangalia kwa siku nzima, mchana na usiku. Damu inayovuja ndani ya kichwa huweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili. Asipewe pombe wala dawa za usingizi.

Nne, asirudi kucheza siku hiyo hiyo. Kichwa kilichotikiswa kinahitaji kupumzishwa.

Majira mengine ya baridi yatakuja, na televisheni zitaonyesha tena milima myeupe. Watoto wa Gashoho watatazama, na watauliza tena kama watu wale hawaogopi kufa. Jibu la kweli ni kwamba wanaogopa. Nodar Kumaritashvili aliogopa, na alisema. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi mtu aliye chini yako akikwambia kwamba anaiogopa kona fulani, awe mtoto wako, askari wako au kijana wa baiskeli, nenda kaitazame kona hiyo kwanza, kisha ndipo umhukumu kwa woga wake.